Shajara ya mradi: sifuri nyingi kwenye jedwali la bakteria wa ziwa

Februari, tunaanza

Nimeamua kuandika mambo ya huu mradi kadiri yanavyokwenda, manake tukikaa kuongea kila mtu anakumbuka kivyake, na pia kuna vijana Kampala, Busia, Arua, hata ng'ambo kule Kisumu na Mwanza wanaopenda hizi kazi lakini wakitafuta maelezo kwa Kiswahili hawapati kitu. Kazi yenyewe ni hivi: tunachota maji ya Ziwa Viktoria kuanzia ndani ya ghuba ya Murchison, pale ambapo maji machafu ya Kampala yanaingia ziwani kupitia mfereji wa Nakivubo, tunatoka mpaka upande wa Katosi ambako ziwa limefunguka, tunachuja, tunatoa DNA, tunaisoma, mwisho tunabaki na jedwali moja kubwa, mistari ni aina za bakteria na nguzo ni sampuli.

Kila mtu akisikia hivyo swali lake la kwanza ni "mmepata bakteria gani?" Ni swali zuri na tutalijibu, lakini sisi tunaanza upande mwingine. Tunataka kwanza kujua zile namba zimekaaje, yaani ni aina ngapi ziko nyingi na ngapi ni adimu, na aina moja ikipanda na kushuka inapanda kwa kiasi gani, halafu je, ziwa letu linafuata mpangilio uleule ambao watu wameuona kwenye udongo, baharini na kwenye tumbo la binadamu. Mimi naamini kabisa bila kujua hilo, ukimtaja bakteria kwa jina na kusema "huyu ameongezeka" huna hakika unasema nini.

Kwa asiyejua: tunachosoma ni kipande cha jeni inayoitwa 16S. Kila bakteria anayo, ina herufi kama 1,500, sehemu zake nyingine hazibadiliki sana na nyingine zinabadilika kutoka aina hadi aina, ndo maana inafaa kutambulisha. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walilinganisha RNA inayotokana na jeni hiyohiyo wakagundua kwamba kuna kundi zima la viumbe, arkea, ambalo watu walikuwa wanalihesabu tu kama bakteria. Sisi hatusomi zote 1,500, tunasoma kipande kinachoitwa V4, kama herufi 250 hivi, kinatosha.

Februari, ziwani

Tumeondoka Ggaba, mwalo wa Kampala ulio kwenye ghuba hiyo, alfajiri kabla upepo haujaamka. Mzee mwenye mtumbwi ni mtu wa siku nyingi mwaloni, anajua kila pembe, na Kiswahili chake ni cha wavuvi waliozunguka ziwa lote. Tulipofika ndani ya ghuba rangi ya maji ilikuwa kijani kama rangi ya ukuta, kuna utando juu, na ukipitisha kasia unaona utando unapasuka halafu unajifunga tena.

"Mwanangu, usinawie haya," akaniambia, "yakikupata kwenye ngozi yanawasha."

Nikamuuliza, "Mzee, ni kila siku hivi?"

"Siyo kila siku. Kuna siku unakuta yametulia, ukirudi kesho yamefunga kabisa, mukene wenyewe, hawa dagaa, hawaonekani."

Hayo maneno niliyaandika kwenye daftari palepale, na nitayarudia baadaye kwa sababu yana uzito kwenye hesabu kuliko nilivyodhani siku ile.

Tulishusha sahani ya Secchi, ile sahani ya duara unayoizamisha kwa kamba mpaka isionekane. Ndani ya ghuba inapotea haraka sana, nje inashuka mpaka unaanza kuangalia kama kamba itatosha. Na chujio ndo linakueleza kila kitu. Tunatumia la tundu za mikroni 0.22, ndani ya ghuba unasukuma maji kidogo tu limeziba, limekuwa kama kitambaa kilichofutiwa majani ya mchicha, huko nje unapitisha lita na lita na chujio linabaki na rangi ya chai ya maziwa kwa mbali. Kila chujio kinaingia kwenye kichupa chake, kichupa kwenye kasha la barafu, lebo mbili, moja ndani moja nje, kwa sababu wino na maji havipatani.

Machi, jedwali limefika

Nimelifungua na kitu cha kwanza unachokiona ni sifuri. Sifuri kila mahali. Aina chache ziko kwenye sampuli zote, halafu zinafuata aina kibao ambazo zimeonekana kwenye sampuli moja au mbili na kwingine kote ni 0, 0, 0.

Hapa kuna mtego na nataka niuseme polepole. Mtu akiona aina fulani ina namba Ggaba na ina 0 Katosi, mkono unawasha kuandika "haipo Katosi". Lakini 0 kwenye jedwali maana yake ni kwamba haikusomwa, basi. Mashine haisomi kila DNA iliyomo, inachukua kiasi, na kile kiasi ndo kinaitwa kina cha usomaji.

Chukua mfano wa hesabu, siyo data yetu. Sampuli imesomwa vipande 10,000. Kuna aina ambayo kwa wastani ni kimoja katika kila 10,000. Kama ingekuwa na wingi uleule kila mahali bila kupanda wala kushuka, bahati peke yake ingekupa sifuri kwenye sampuli kama 37 kati ya 100. Sasa bakteria hawakai hivyo, wanapanda na kushuka, na ukiweka huo mtikisiko kwenye hesabu (kwa mgawanyo wa gama, unaofaa namba ambazo mara nyingi ziko chini na mara chache zinaruka; kipimo chake kinaitwa beta, kikiwa kidogo mtikisiko ni mkubwa, hapa ni 0.5, nitaurudia) unapata sifuri kwenye sampuli kama 58 kati ya 100. Yaani aina ipo kila mahali, haijatoweka popote, na bado zaidi ya nusu ya nguzo zako zinasema haipo! Ukisoma mara kumi zaidi, vipande 100,000, sifuri zinashuka hadi kama 22 kati ya 100. Ziwa halijabadilika hata kidogo, kilichobadilika ni bajeti ya mashine.

Fomula yake ni fupi na nimeibandika ukutani: uwezekano wa kupata sifuri ni (1 + Nx/β) kwa kipeo cha toa β, ambapo N ni vipande vilivyosomwa, x ni wastani wa sehemu ya aina hiyo, na β ni ile beta. Nimeipitisha kwenye jedwali letu, aina moja baada ya nyingine, nikalinganisha sifuri zinazotarajiwa na zilizopo, na kwa sehemu kubwa zinalingana. Nimefurahi sana, kwa sababu maana yake ni kwamba sifuri nyingi tulizonazo hazihitaji hadithi yoyote ya samaki wala sumu wala joto. Zile chache ambazo hazilingani, hizo ndo zinastahili muda wetu.

Machi bado, kuhusu pazia

Mwenzangu mmoja kauliza, sasa haya mambo ya adimu na wengi yameanza na bakteria? Hapana, yameanza na wadudu na ndege. Mwaka 1943 Ronald Fisher na wenzake Corbet na Williams waliandika juu ya vipepeo wa Malaya na nondo waliokamatwa kwa mtego wa taa kule Rothamsted, Uingereza. Watu wa Masaka hawahitaji kuelezwa mtego wa taa ni nini, msimu wa senene ukifika unaona mabati na mapipa na mwanga mkali mpaka mbali. Kwenye mtego kama huo senene ni wengi mno, lakini ukichambua kilichoanguka kwenye pipa unakuta wadudu wa kila namna, mmoja mmoja, na ukiacha taa usiku mwingine unaongeza wengine ambao jana hukuwaona.

Hilo la kuongeza wengine ndo alilolipa jina Frank Preston mwaka 1948. Alisema ukizipanga aina kwa wingi wake, kwa kuzidisha mbili mbili, unapata kilima cha kengele, ila upande wa kushoto umefunikwa na pazia: aina adimu zipo lakini mtego wako haujazifikia. Ukiongeza kukusanya, pazia linasogea kushoto. Kilima hicho kinaitwa loginomali, na ndo hichohicho kinachoonekana kwenye wastani wa wingi wa bakteria. Mwaka 2017 Shoemaker, Locey na Lennon walionyesha loginomali inashinda migawanyo mingine maarufu kwenye data ya vijidudu vya aina nyingi.

Shida inakuja watu wakitaka kusema kuna nini nyuma ya pazia. Locey na Lennon mwaka 2016 walitumia mwelekeo wa hizo namba kukadiria kwamba dunia inaweza kuwa na aina trilioni 1 za vijidudu. Mwaka 2019 Louca na wenzake wakaja na makadirio ya aina kama milioni 0.8 hadi 1.6 za bakteria na arkea. Angalia hiyo tofauti, siyo mara mbili wala mara kumi, ni zaidi ya mara laki tano, na ingawa hawakuhesabu kwa njia moja wala kitu kilekile hasa, wote ni watu makini. Ndo maana sisi kwenye ripoti yetu hatutaandika namba ya "aina zote za bakteria ziwani", tutaandika tulichokiona na pazia liko wapi. Mwalimu wangu amekubali, ingawa namba kubwa zinapendwa na wafadhili.

Aprili, grafu iliyopinda

Wiki hii ni ya sheria ya Taylor. L. R. Taylor, naye mtu wa Rothamsted, mwaka 1961 alionyesha kwamba ukichora wastani wa wingi wa kiumbe na variansi yake (kipimo cha namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani) kwenye karatasi ya logi kwa logi, unapata mstari ulionyooka. Swali ni mteremko. Kwa bakteria, mteremko unaoripotiwa ukilinganisha aina mbalimbali ni 2 au jirani na 2, maana yake variansi inakwenda na mraba wa wastani, maana yake tena aina nyingi na aina adimu zinatikisika kwa uwiano uleule. Mwenye 10% na mwenye 0.01% wote wanapanda na kushuka kwa asilimia sawa za ukubwa wao wenyewe. Mimi hii bado inanishangaza kila nikiifikiria, viumbe tofauti kabisa, mmoja anakula mwanga mwingine anakula mabaki, lakini mtikisiko wao una kipimo kimoja.

Sasa nilipochora ya kwetu mstari haukunyooka. Upande wa kulia, kwa aina nyingi, ulikaa vizuri karibu na 2, lakini kushoto kwa aina adimu ulilegea ukalala kuelekea 1. Dada wa maabara alipoiangalia grafu akasema labda aina adimu zina tabia yao. Tukakaa chini tukaandika: variansi ya hesabu ni wastani, kuongeza wastani mraba kugawa kwa beta. Pale wastani ni mdogo kuliko beta, sehemu ya kwanza inatawala na mteremko ni 1, na hiyo ni kelele ya kuchota tu, hata ukichota maharage gizani utaipata. Pale wastani ni mkubwa sehemu ya pili inatawala na unapata 2. Kwa hiyo ule mkunjo ni alama ya mashine, siyo tabia ya bakteria.

Dawa yake ni rahisi na inapendeza. Badala ya kutumia n mara n (n ni idadi ya vipande vya aina hiyo vilivyosomwa) juu ya N mara N kukadiria mraba wa wingi, unatumia n mara (n toa 1), juu ya N mara (N toa 1). Aina iliyosomwa mara 3 haitoi tena 9, inatoa 6. Iliyosomwa mara 1 inatoa 0 kabisa, yaani kusomwa mara moja tu hakukuambii chochote juu ya mtikisiko, na ni kweli haikuambii. Nimebadilisha mstari mmoja kwenye skripti, nikachora upya, upande wa kushoto ukashuka ukajipanga na wenzake.

Aprili, umeme

Umeme ulikatika usiku kucha, jenereta ikabeba friji za DNA tu, kompyuta zikalala. Hakuna kilichoharibika. Nimetumia muda huo kusoma kwa simu mpaka bando likaisha.

Mei, gama na ile modeli

Nilichokuwa nasoma ni makala ya Jacopo Grilli ya mwaka 2020 kwenye Nature Communications, na hiyo ndo inashikilia mradi wetu. Alichukua data za watu wengine zilizo wazi, za udongo, mito, maziwa, bahari, kinywa, tumbo, akaonyesha mambo matatu yanajirudia kote: aina moja ikifuatwa kwenye sampuli nyingi, wingi wake unafuata mgawanyo wa gama, variansi inafuata Taylor kwa kipeo 2, na wastani wa aina zote unafuata loginomali. Akishakuwa na hayo matatu na kina cha usomaji anaweza kutabiri vitu vingine, zikiwemo zile sifuri zetu za Machi.

Halafu anatoa modeli moja inayozaa gama. Aina inakua, inafika mahali mazingira hayabebi zaidi, na juu ya hapo kuna mtikisiko wa nje unaoipiga kulingana na ukubwa wake, siku ya mvua, siku ya jua, siku ya taka. Hakuna kuhesabu nani anamla nani. Beta inatoka moja kwa moja kwenye nguvu ya huo mtikisiko, inayoitwa sigma: 2 kugawa kwa sigma, toa 1. Mtikisiko ukiwa mkali beta inakuwa ndogo, na beta ikiwa ndogo aina inakaa chini muda mrefu halafu inaruka.

Nina la kusema hapa kwa sababu najua tutaulizwa. Modeli kukubaliana na data hakuthibitishi kwamba ndivyo ziwa linavyofanya kazi. Njia nyingi zinaweza kuzaa umbo moja. Bakteria wanalana, wanalishana, virusi vinawaua, hayo yote yapo na hakuna anayeyakataa, ila kwenye hizi takwimu za jumla hayaonekani, yamemezwa. Kwangu thamani ya modeli ni kwamba inatupa msingi wa kulinganishia. Ukijua kawaida ikoje ndo unamwona asiye wa kawaida.

Mei mwishoni, asiyefuata

Na tumempata. Karibu aina zote zinafuata gama vizuri, lakini kuna kundi dogo ndani ya ghuba linakataa, na juu ya kundi hilo yupo Microcystis, bakteria wa kijani-buluu ambaye anaweza kutoa sumu ya ini, microcystin. Umbo lake halina kilima kimoja, lina vilima viwili: siku nyingi yuko chini, halafu anakuwa juu sana, katikati kutupu. Nikakumbuka yale maneno ya mzee, kuna siku yametulia, kesho yamefunga kabisa. Alichokieleza mtumbwini ni mgawanyo wenye vilima viwili, na daftari langu lina tarehe.

Kabla ya kushangilia tulijiuliza maswali mawili magumu. La kwanza, tumechanganya vituo. Ukiweka sampuli za ndani ya ghuba na za Katosi kwenye chungu kimoja lazima upate vilima viwili kwa aina yoyote inayopenda mbolea ya taka, hata kama kila mahali peke yake anafuata gama. Tukatenganisha. Kwa aina nyingine nyingi vilima viliungana, kwa Microcystis havikuungana.

La pili ndo linanisumbua zaidi. Jedwali letu ni la uwiano, jumla ni 100% daima. Tuseme Microcystis anatoka 10% anafika 60%. Wengine wote kwa pamoja wanatoka 90% hadi 40%, kila mmoja anaonekana amepungua kwa zaidi ya nusu, hata kama ndani ya maji hakuna hata mmoja aliyekufa. John Aitchison aliandika kitabu kizima juu ya data za uwiano mwaka 1986 na watu wa maabara za DNA bado wanajikwaa hapohapo. Tulichofanya ni kumtoa Microcystis kwenye jedwali, kugawa waliobaki upya, na kupima gama na Taylor tena. Waliobaki wamekaa, mteremko bado uko karibu na 2. Kwa hiyo mtikisiko wao siyo kivuli chake tu.

Hata hivyo nataka hesabu ya kweli ya seli, siyo uwiano. Kuna njia mbili: darubini na mtu mwenye subira, au kuweka kiasi kinachojulikana cha DNA ya kigeni ndani ya kila sampuli kabla ya kuitoa, halafu unapima wengine kwa hiyo. Dada wa maabara anapendelea ya pili, mimi nataka zote mbili angalau kwa vituo vya ndani, kwa sababu pale ndo kuna maji yanayokwenda mabomba ya Kampala. Mtambo wa Ggaba unachota kwenye ghuba hiihii. Watu wanaosafisha haya maji wanahitaji kujua mapema kama kesho maji yatafunga, na wastani wa mwezi hauwezi kuwaambia, kwenye vilima viwili wastani unaangukia pale katikati ambapo maji yenyewe hayakai karibu kamwe.

Juni, tunakokwenda

Tumekubaliana kuacha kuongeza vituo vipya. Badala yake tunarudi vilevile, mara kwa mara, kwa sababu gama ya mahali pengi kwa siku moja na gama ya mahali pamoja kwa siku nyingi ni vitu viwili, na swali la mzee ni la pili. Mzee mwenyewe amekubali kuandika kila asubuhi akitoka: maji ya wazi, ya kijani, au yamefunga. Tumempa daftari na kalamu ya risasi, na malipo yake yako kwenye bajeti kama ya mtu mwingine yeyote wa mradi.

Kila sampuli sasa inaandikwa na N yake pembeni, haiingii kwenye jedwali bila hiyo. Skripti ya mkunjo wa Taylor nimeiweka na maelezo ya Kiswahili kila mstari, mwanafunzi yeyote mwenye laptopu ya kawaida anaweza kuiendesha kwa data zake, za kinyesi cha ng'ombe, udongo wa migomba, chochote. Kinachofuata ni kupima beta ya kila aina kwa kila kituo na kuona kama ndani ya ghuba beta ni ndogo kwa wote au ni kwa wachache tu. Kama ni kwa wote, basi taka za jiji zinatikisa jamii nzima. Kama ni kwa wachache, tunatafuta wanaofanana na Microcystis kabla hawajafika juu. Sampuli za kwanza za awamu hii ziko kwenye friji, zinasubiri prima zifike, vile vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili jeni.